Mtumbwi Uliopandwa Mnanaa

Kambini, Valle del Cauca
Jumapili, 4 Agosti 1996

Mama, naomba baraka yako.

Mwaka wa pili unakatika sasa tangu nipande boti nikakuacha umesimama gatini na kitambaa chako cha njano, na bado miwa haijaisha. Ukikata huku, kule inaota. Mimi mzima. Wamenihamishia kazi nyepesi, ya kuwapelekea wakataji maji ya kunywa, kwa kuwa mimi ni wa zamani hapa. Samahani kwa mwandiko. Naandikia gotini, na kitanda hiki kimelegea kamba.

Wilberto amerudi juzi kutoka likizo. Alipomaliza kutusimulia nani kazaa na nani kafa, akasema watu wa meya wamepaka alama ya msalaba mwekundu kwenye nguzo za nyumba za mtoni, kuanzia kwa fundi boti mpaka kwako, na kwamba msalaba mmoja umepakwa kwenye mtumbwi wako wa mimea. Anasema meya anataka kujenga ukumbi wa saruji wa kupunga upepo kabla ya sikukuu ya mtakatifu wetu. Nikamuuliza kama kuna karatasi yoyote mliyopewa. Akasema rangi ndiyo karatasi.

Mama, mtumbwi ule alichonga babu, na ulipotoboka wewe ukaupandisha juu ya nguzo, ukaujaza udongo, ukapanda mnanaa. Kondo langu la nyuma umelizika chini yake. Nusu ya San Bernabé wametibiwa homa na majani yake. Wakiuvunja, utaishi kwa kitu gani? Niambie ukweli, usinifiche.

Mwanao,
Eliécer Banguera

~

San Bernabé, mtoni
18 Agosti 1996

Mwanangu, Mungu akubariki na akulinde na nyoka wa kwenye miwa.

Anayeandika ni mama yako wa ubatizo, Eulogia, kama kawaida, maana mimi mkono wangu unajua kafi na jembe tu. (Ni mimi kweli. Na mwandiko wako, mwanangu, unayumba kama mtu anayetembea topeni. Nilikufundisha darasa la tatu mwandiko uliosimama. Kaza kalamu. E.)

Wilberto ana mdomo mrefu kuliko mto. Alama ipo, ndiyo. Vijana wawili walikuja na kopo la rangi wakati natoka kuvuna majani ya mgonjwa. Nikawauliza mnachora nini kwenye mnanaa wangu. Wakasema ni amri, bibi. Nikawaambia amri ina mwenyewe, niitieni mwenyewe. Wakacheka, wakaenda zao.

Kesho yake nikavaa gauni la kanisani nikaenda kwa meya. Huyo mtoto nilimkata kitovu mimi, matako yake nimeyaona kabla ya mama yake. Alinipokea vizuri, akanipa kahawa, akaniita mama. Nikamwomba anionyeshe karatasi inayosema nyumba yangu ivunjwe. Akasema, "Mama Saturia, karatasi ziko njiani, njoo Jumatatu." Jumatatu nimekwenda. Karani akasema meya yuko mjini. Jumatatu nyingine nimekwenda, meya yuko mjini tena, lakini sauti yake naisikia nyuma ya mlango anamgombeza mtu.

Usijitie kwenye jambo hili. Wewe fanya kazi, kula vizuri, usinywe pombe na watu usiowajua. Mimi nina nguvu zangu. Kitovu changu kilipoanguka, bibi yangu alikipaka unga wa siafu, na siafu hawaombi ruhusa ya kuishi.

Mama yako,
Saturia Grueso

~

Kambini
Jumapili, 1 Septemba 1996

Mama, naomba baraka yako.

Nimejitia. Usinikasirikie kabla hujasoma mpaka mwisho, au tuseme kabla Mama Eulogia hajakusomea mpaka mwisho.

Jirani yangu wa kitanda anaitwa Nacor Mina, mtu wa miaka hamsini hivi, kakata miwa maisha yake yote. Siku moja serikali ilimkatalia binti yake nafasi ya shule, naye akaishtaki serikali peke yake, bila wakili, akashinda. Kitu chenyewe kinaitwa tutela. Kimo ndani ya katiba mpya. Mtu yeyote ambaye ofisi ya serikali imemvunjia haki yake anakwenda kwa hakimu, hata mwenye viatu vya kamba, anaeleza, na hakimu lazima ajibu ndani ya siku kumi. Hakuna muhuri wa kununua.

Nikamwambia Nacor, kwa hiyo tunaweza kumkamata meya? Akasema, "Kumkamata, hapana. Tunamuuliza, na safari hii hawezi kusema njoo Jumatatu."

Basi tukakaa kwenye benchi la jikoni tukaandika. Nacor alitaja, mimi nikaandika. Tumesema umekaa hapo miaka arobaini, serikali imekuona na kodi imepokea, haiwezi kuamka siku moja ikakufukuza bila karatasi, bila kukusikiliza, bila kukuonyesha pa kwenda. Kwa kuwa wewe uko mbali na mimi ndiye niliyesaini, kulikuwa na maneno mengine ya kuongeza, ya kisheria tu, usijali. Nimeipeleka kwa hakimu wa mji wa hapa. Karani akasema kosa limefanyika San Bernabé, kwa hiyo hakimu wa San Bernabé ndiye mwenye kuamua, na ataituma huko mwenyewe.

Kwa hiyo wakikuita mahakamani, mama, nakuomba jambo moja. Usiende ukipiga kafi. Mwombe mtu akupeleke. Tembea polepole.

Mwanao,
Eliécer

~

San Bernabé
22 Septemba 1996

Eliécer.

(Ninaandika kama alivyosema, sikupunguza neno. E.)

Barua yako ilifika siku nne baada ya mahakama kuniita. Kwa hiyo nilikwenda kama ninavyokwenda kila mahali. Nilipiga kafi mwenyewe, nimesimama, kwa kuwa maji yalikuwa yamejaa na ukikaa huoni magogo. Hakimu alikuwa dirishani. Ni binti mdogo kutoka milimani, anaogopa hata kupanda boti, na aliniona nikifunga mtumbwi na kuruka ngazi zile mbovu za gati.

Mahakama yenyewe unaijua, ni kile chumba cha mbao juu ya duka la chumvi, madirisha wazi, na chini watu wanaosubiri boti. Karani akasimama akasoma kwa sauti ya misa. Kwamba mimi Saturia Grueso ni mwanamke mzee, mgonjwa, siwezi kusimama, mikono inatetemeka, akili inakwenda na kurudi, na kwamba kwa sababu hiyo siwezi kujitetea na mwanangu anasema badala yangu.

Kutoka chini nikasikia sauti ya Nicanora muuza samaki: "Ala, kumbe Saturia anatuuguza sisi na mwenyewe ni maiti."

Hakimu akaniuliza, taratibu, bila kejeli, "Mama, haya yaliyoandikwa ni kweli?" Ungetaka nijibu nini? Nilikuwa nimesimama mbele yake nimelowa maji ya mto mpaka magotini. Nikasema si kweli hata neno moja, ila hapo penye jina langu.

Akasema basi hawezi kupokea ombi hilo. Mtu mzima mwenye nguvu zake husema mwenyewe. Mwingine anaruhusiwa kumsemea pale tu ambapo mwenyewe hawezi, na hapa mwenyewe anaweza. Alisema kitu kingine baada ya hapo lakini mimi nilikuwa nimeshageuka, masikio yananichemka.

Unajua ulichofanya? Mganga wa majani akiitwa mgonjwa, nani atakuja kunywa majani yake? Wiki nzima hakuja mtu. Mama mmoja mwenye mimba niliyekuwa namwangalia amehamia kwa mkunga wa ng'ambo. Watu husema mdomo uliponza kichwa. Mimi umeniponza kwa kalamu yako.

Na Jumanne, meya aliposikia ombi limekataliwa, wakaja watu sita na nyundo. Nyumba hawakuigusa, walisema watarudi baada ya sikukuu. Mtumbwi wa mimea wakaung'oa kwenye nguzo wakausukuma mtoni na udongo wake na kila kitu. Nilisimama kwenye ngazi nikauona unakwenda. Ulielea kidogo, mnanaa ukiwa bado umesimama ndani yake kama abiria, halafu ukajaa maji ukazama.

Niliwaambia mnapoteza dawa zenu wenyewe. Mmoja wao alikuwa analia. Nilimtibu surua.

Sina zaidi.

Saturia Grueso

~

Kambini
Jumapili, 6 Oktoba 1996

Mama, naomba baraka yako, hata kama hutaki kunipa.

Barua yako nimeisoma, nikampa Nacor naye akaisoma, akavua kofia. Maneno yale aliniambia yeye, kwamba usiposema kuwa mwenye haki hawezi kujitetea, ombi la mtu mwingine halisimami. Lakini yeye alisema andika sababu. Hakusema andika akili inakwenda na kurudi. Hizo niliongeza mimi, nikiona nakusaidia. Nilidhani ukiwa mnyonge zaidi, hakimu atakuwa na huruma zaidi. Sitasema mengine, maana mtumbwi hauibuki kwa kusema pole.

Ila sikiliza, mama. Nacor anasema hakimu hakukataa haki yako. Alinikataa mimi. Mlango uko wazi, na anayetakiwa kuingia ni wewe. Na lile ambalo hukulisikia ulipogeuka, Nacor anaapa kwamba ni hili: asiyejua kuandika hahitaji karatasi. Anakwenda mbele ya hakimu na kusema kwa mdomo wake, na hakimu analazimika kuyaandika. Hata Mama Eulogia asiandike. Sema wewe.

Usimtukane meya. Usitaje matako yake. Sema nani alikuja, lini, alifanya nini, alikuonyesha karatasi gani. Sema ulikwenda ofisini ukaambiwa njoo Jumatatu. Sema umekaa hapo tangu lini na nani anajua. Na sema mtumbwi ulikuwaje, kila kitu, kwa sababu ukishinda hakimu anaweza kuamuru warudishe hali kama ilivyokuwa, na hawawezi kurudisha wasichoelezwa.

Wahi, mama. Baada ya sikukuu watarudi na nyundo zao.

Mimi niko salama. Chakula kizuri, wali na maharage.

Mwanao,
Eliécer

~

San Bernabé
3 Novemba 1996

Mwanangu, Mungu akubariki. Nimekurudishia baraka, ichukue.

Nilikwenda. Nilipiga kafi mwenyewe, nimesimama, na safari hii nilipita karibu na gati kusudi Nicanora anione vizuri. Nikamwambia hakimu, nimekuja kusema, na huyu karani aandike. Karani akasema, bibi, ombi huletwa limeandikwa. Hakimu akamwambia aweke karatasi kwenye mashine.

Basi nikasema. Nimesema tangu siku baba yako aliponileta pale na nguzo za kwanza nne, mpaka siku mtumbwi ulipozama. Kila nikikaa kimya ile mashine nayo inakaa kimya, inanisubiri. Sijawahi kusubiriwa na ofisi. Matako sikuyataja. (Aliyataja mara moja. Hakimu akamwambia karani hilo asiliandike. E.)

Nilipofika kwenye mtumbwi hakimu akaniuliza ndani mlikuwa na nini. Nikamtajia: mnanaa, mrehani, vitunguu majani, chillangua, lile jani la kutilia samaki wa nazi, majani ya homa, majani ya uzazi. Akauliza na udongo? Nikamwambia udongo si wa mtoni, wa mtoni una chumvi. Ni udongo wa vichuguu vya siafu, unachukuliwa msituni, ni mwepesi na mweusi, na unachotwa asubuhi kabla siafu hawajaamka vizuri. Akauliza kwa nini. Nikamwambia akachote mchana atajua mwenyewe. Akacheka, yule binti, akaziba mdomo na mkono.

Ndani ya siku zile kumi akaamua. Watu walijaa mpaka kwenye ngazi. Akasema serikali ina haki ya kujenga ukumbi, lakini haina haki ya kuwafukuza watu iliowaacha wakae miaka arobaini bila kuwaandikia, bila kuwasikiliza, bila kuwapa pengine. Amri isiyo na karatasi si amri. Nyumba hazitaguswa mpaka meya akae na sisi sote tusikilizane. Na mtumbwi urudishwe ulivyokuwa. Akasoma orodha yangu yote, kimoja kimoja, mpaka udongo wa siafu.

Meya amekata rufaa, lakini wakati rufaa inasafiri yeye lazima atii. Kwa hiyo Alhamisi wale watu sita walikwenda msituni na magunia. Walikwenda mchana, mwanangu. Walichelewa kwa sababu walisubiri kusainiwa posho. Walirudi mtoni wanakimbia na suruali mikononi, na gati zima likashuka kuwatazama. Jioni ile ile nilikuwa na wagonjwa sita wa kupaka dawa, wote wafanyakazi wa meya. Tangu siku hiyo wateja wangu wamerudi wote. Hata Nicanora kaja, anasema ana kizunguzungu.

Udongo umo. Mtumbwi wameleta mwingine, mzee, unavuja vizuri kama inavyotakiwa. Mimea bado sijapanda.

Sasa ni zamu yako.

Wilberto kaja kwa sikukuu. Alipokunywa kidogo akaniambia, "Mama Saturia, usijali, mkono wa Eliécer utapona tu." Nikamuuliza mkono gani. Akataka kuumeza ulimi wake, nikamzuia. Anasema panga lilikuponyoka mwezi wa Julai, likakata mishipa ya mkono wa kulia, na vidole vitatu havikunjiki. Anasema ofisi ya bima ya serikali imekukatalia upasuaji mara tatu, inakwambia jina lako halionekani, rudi wiki ijayo. Anasema unabeba ndoo kwa mkono wa kushoto na unaandika kwa huo huo.

Kwa hiyo yule mnyonge asiyeweza kushika kitu, mikono inatetemeka, uliyemwandika kwa hakimu, nilimtambua. Hakuwa mimi.

Nilirudi kwa hakimu siku hiyo hiyo. Nikamwambia nina mtoto mbali, hawezi kujitetea, nataka kumsemea. Akauliza ana ugonjwa gani unaomzuia kusema. Nikamwambia ana aibu. Akasema, "Mama, aibu si ugonjwa."

Hivyo ndivyo alivyosema, nami nakuletea kama ilivyo. Kitovu chako nilikipaka unga wa guayacán, mti unaovunja shoka, ili uwe mgumu. Naona nilipaka mwingi mno. Nenda kwa hakimu wa huko na mdomo wako. Sema nani, lini, alikuonyesha karatasi gani. Usijiongezee ugonjwa wala usijipunguzie.

Sitapanda kitu kwenye mtumbwi mpaka nijue.

Mama yako,
Saturia Grueso

(Na mimi naomba radhi kwa niliyoyasema juu ya mwandiko. Kwa mkono wa kushoto ni mzuri sana. Eulogia.)

~

Kambini
Jumapili, 1 Desemba 1996

Mama, naomba baraka yako.

Nilikaa na barua yako mfukoni siku tatu. Nilikuwa naogopa kwamba nikisema mkono umekufa, utakuwa umekufa kweli, na kontrakta atanifukuza hata kwenye ndoo. Nacor akachoka kuniangalia. Akasema, "Mwenzangu, mama yako kapiga kafi mpaka mahakamani mara nne. Wewe yako iko ng'ambo ya barabara."

Nikaenda. Karani akanipa kalamu, nikamwonyesha mkono. Akaniita ndani. Hakimu wa hapa ni mzee mwenye kikohozi, hana maneno mengi, na mashine yake inakwama herufi. Nilisema mwenyewe. Siku ya panga, siku tatu nilizokwenda ofisi ya bima, dirisha lipi, waliniambia nini. Nilipotaka kusema mkono hauumi sana, nikakukumbuka, nikanyamaza. Nilipotaka kusema siwezi kufanya lolote, nikakukumbuka tena, nikasema naweza kubeba ndoo.

Jibu lilitoka upande wangu. Jina langu lilionekana mara moja, kumbe lilikuwa hapo hapo. Nimepasuliwa siku kumi na mbili zilizopita. Daktari anasema vidole viwili vitarudi, cha tatu hajui. Kontrakta kanifukuza, kama nilivyodhani, na Nacor ameshaanza kuuliza kuhusu hilo nalo, ila hiyo ni kesi ya mwaka ujao.

Mama, sitakata tena miwa. Nilikuwa naogopa kukuandikia sentensi hii kuliko zote, na sasa imeshaandikwa.

Rufaa ya meya ikishindwa au ikishinda, kwenye hicho kikao chake nataka niwepo, nikae nyuma yako, wewe useme. Na mtumbwi usiuache mtupu kwa ajili yangu, siafu watarudi kudai udongo wao. Anza na mnanaa. Mrehani uniachie mimi. Wa kupandwa kwa mkono wa kushoto sijui kama huota, tutaona.

Nashuka na basi la Jumatano usiku mpaka bandarini, kisha boti ya mbao ya Alhamisi. Nitafika San Bernabé Ijumaa tarehe 13 Desemba, maji yakijaa. Usije gatini kunipokea. Njoo na mtumbwi, nitakaa mbele, upige kafi wewe.

Mwanao,
Eliécer